Mke wa Mpagazi wa Nne

Wivu ukikukuta nyumbani, una bahati. Unaingia chumbani, unafunga mlango, unalia na mto wako, unamaliza. Lakini ukikukuta umesimama juu ya kreti la soda katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi, watu wazima kibao wanakusubiri uwaambie wageuke kulia au kushoto, hapo mwenzangu huna pa kukimbilia. Utalia vipi na kipaza sauti kiko mdomoni? Si utasikika mpaka Urambo!

Ndivyo ulivyomkuta Mwanajuma, mchana wa Alhamisi, kwenye uwanja wa Itetemia.

"Wapagazi! Rudini mwanzo. Tunaanza upya."

"Tena?" Wapagazi waliguna kama ng'ombe walionyimwa maji.

"Tena."

"Kwani tumekosea wapi, dada?" Aliyeuliza ni Doto, binti wa mama yake mdogo. Aliuliza kwa upole kabisa, mkono wa kushoto umeshika bega la Idrisa, wa kulia umeshika ncha ya kanga aliyokuwa anamfutia jasho.

Sasa shida yote ilikuwa hapo. Hapo hapo kwenye ncha ya kanga.

"Doto, nani kakwambia umfute jasho?"

"Si katoka Bagamoyo kwa miguu, dada? Asitoke jasho?"

Watu wakaangua kicheko. Idrisa naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Mwanajuma kuliko hata jasho lenyewe.

Ngoja nikuweke sawa, msomaji wangu, kabla hatujaanza kuwalaumu watu.

Mwanajuma alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea ubunifu wa matamasha na shughuli. Mtaani kwao Gongoni watu walihangaika na hilo jina. Mama yake, Mama Yahaya, mwanzo aliwaambia majirani mwanangu anasomea kupamba. Majirani wakasema, "Kupamba? Mpaka chuo kikuu? Si angekaa tu na wapambaji wa hapa sokoni?" Mama Yahaya akaenda kufikiri, akarudi na jibu jipya: anasomea usimamizi. Hilo lilikuwa na harufu ya ofisi na feni. Majirani wakanyamaza.

Mradi wa mwisho ulikuwa huu: kila mwanafunzi abuni tamasha zima, alifanye mahali anapopajua, mbele ya watazamaji wa kweli, mwalimu akiwepo kutoa alama. Wenzake walikimbilia ufukweni. Mwanajuma akarudi kwao Tabora, kwenye ile njia ya misafara ya zamani. Huzuni ya njia ile ina siku yake, alisema. Yeye anataka siku ya kurudi nyumbani. Wapagazi wametoka pwani, wanaingia mjini kwa ngoma na baragumu, wanawake wanawapokea kwa vigelegele.

Halafu akaongeza kitu chake mwenyewe: ngata. Kwenye tamasha lake, kila mwanamke alimsokotea mwanamume wake ngata ya kuwekea mzigo kichwani siku anaondoka. Siku anarudi, mwanamke anaitambua ngata yake, anaenda kumtua mzigo. Mshereheshaji anatangaza: "Mzigo umepokelewa! Mwanamume huyu ni wa nyumba hiyo, hakuna wa kuuliza!"

"Hii ipo kwenye historia?" mwalimu wake, Dokta Suzana, alimuuliza kwa simu.

"Kurudi kwa shangwe kupo, mwalimu. Ngata nimebuni mimi."

"Sawa. Ila usimwambie mtu kwamba ni ya mababu."

Hakumwambia. Wala hakumwambia mwalimu wazo lilitoka wapi, maana halikutoka maktaba. Lilitoka stendi ya mabasi Tabora, asubuhi ile alipokuwa anaondoka kwenda kuanza chuo. Kijana mmoja alimbebea begi kichwani, na Mwanajuma akavua kanga yake ya kijani, akaikunja, akamwekea chini ya begi lisimuumize. Begi likaingia ndani ya basi. Kanga akamwachia.

Kijana mwenyewe ndiye Idrisa, wa Chemchem, wa maturubai. Yeye na mjomba wake hukodisha maturubai, viti na spika. Hakuna harusi wala msiba mjini Tabora ambao Idrisa hajaupandia ngazi. Wamependana na Mwanajuma miaka mitatu, kimya kimya, kwa simu na likizo. Kwa nini kimya? Kwa sababu Mama Yahaya alishatamka mbele ya ukoo kwamba msomi wake ataolewa na msomi, na Mama Yahaya akitamka, hata jogoo wa jirani huwa wanasubiri amalize.

Basi Idrisa alikuja uwanjani kama mtu wa turubai, akafanya kazi yake, wakawa wanatazamana kwa kuibia. Mpagazi wa nne alikuwa mzee Mahona, na mke aliyepangiwa ni Doto. Mwanajuma aliwapanga hivyo bila wasiwasi, maana mzee Mahona ana wajukuu na kikohozi. Ikafika Jumatano mzee akavimba goti. Zablon, mwanafunzi mwenzake Mwanajuma aliyetoka naye Dar kumsaidia, akatazama huku na huku, akamwona Idrisa juu ya ngazi, shingo kama nguzo.

"Huyu hapa! Huyu ndiye mpagazi! Bosi, unasemaje?"

Na Mwanajuma, mbunifu wa mwaka wa mwisho, mwenye akili zake, akajibu haraka: "Yes, mchukueni huyo." Alifurahi. Aliona atapata ruhusa ya kumtazama mchana kweupe. Hakukumbuka kwamba nafasi ile ilikuwa na mke ndani yake.

Sasa turudi kwenye kreti la soda.

"Doto, toa mkono begani," alisema kwenye kipaza sauti. "Mke wa mpagazi hamshiki mumewe mbele za watu."

"Mbona jana na mzee Mahona ulisema nimshike?"

"Mzee Mahona alikuwa anaanguka!"

"Bosi, waache," Zablon alidakia kutoka pale penye spika. "Wanatoka vizuri mno. Hebu waone! Hicho ndicho kilele cha tamasha."

"Zablon, kaa na spika zako."

Walirudia. Baragumu likalia, wapagazi wakaja kwa mwendo wa madaha, na Doto akatoka kwenye kundi la wanawake. Doto ni fundi cherehani. Anajua kitu kinavyotakiwa kukaa mwilini, na kila alichovaa kilikaa. Alitembea kama mtu anayekanyaga mayai ya watu. Akaitazama ngata aliyoshona kwa kitenge chekundu, akamtazama Idrisa, akatabasamu, akamtua mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa sponji tupu ndani ya gunia, lakini Doto aliupokea kama umejaa dhahabu. Halafu ile kanga. Paji la uso. Shavu. Akashuka mpaka kidevuni, taratibu, kama anapaka rangi.

"Aaah!" wanawake walipiga kigelegele.

Mwanajuma alibana kipaza sauti mpaka kikapiga mluzi, watu wote wakaziba masikio.

Ni wakati huo Mama Yahaya alipokuwa anashuka kwenye bajaji na masufuria ya wali wa mchana. Alisimama na sufuria kiunoni, akatazama tukio lote mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wale watoto," alisema, "wanafaana."

* * *

Ijumaa, baada ya swala, Mwanajuma alimkuta mama yake uani anachambua mchicha huku anaimba. Mama Yahaya haimbi hovyo. Akiimba, ujue kuna mtu anaolewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa unisaidie. Nimemtuma mtu kwa shangazi yake yule kijana."

"Kijana gani?"

"Wa maturubai. Nimempigia mama mdogo wako, kakubali. Doto mwenyewe nimemuuliza, kainama chini anachezea kidole. Unajua maana yake."

Mchicha ulimtoka Mwanajuma mkononi. "Mama! Lile ni igizo!"

"Igizo, igizo. Mimi nina macho. Vile alivyomfuta jasho, hakuna igizo pale." Mama Yahaya alirusha mabua pembeni. "Na wanaendana. Huyu anashona, yule anafunga maturubai. Watoto wao watazaliwa na sindano mkononi. Fundi kwa fundi, hakuna wa kumdharau mwenzake."

"Na kama yule kijana ana mtu wake?"

"Nani? Mbona hajulikani? Mtu asiyejulikana na yeyote, huyo si mtu, ni jini." Alinyanyua uso, akamtazama binti yake kwa jicho la chini. "Mbona umekunja uso? Kwani wewe una nini?"

Hapo msomaji wangu, mlango ulifunguka. Ulifunguka wazi kabisa, na mtu angeweza kupita hata na kitanda. Mwanajuma akamwona mama yake pale, na vidole vya kijani vya mchicha, na ile furaha ya mtu aliyempatia kila mtoto fungu lake.

"Sina kitu, mama."

"Basi chambua mchicha. Wako anakuja, tena na shahada yake. Yule Zablon kwao wapi vile?"

* * *

Jioni hiyo hiyo Mwanajuma alimkuta Idrisa uwanjani anakaza kamba za turubai kubwa. Wenzake walikuwa wameenda kunywa chai. Idrisa hakuteremka kwenye ngazi. Alimwona, akaendelea kukaza.

"Shangazi yako kakwambia?" Mwanajuma aliuliza kutoka chini.

"Kaniambia."

"Ukasemaje?"

"Nimesema nitajibu tamasha likiisha."

"Idrisa! Kwa nini hukukataa?"

"Nikatae kwa sababu gani? Doto ana ubaya gani?"

"Kumbe! Unamtaka!"

"Nimekuuliza swali. Nikatae niseme nini? Niseme nina mtu? Shangazi ataniuliza ni nani. Nimtaje nani, Mwana? Nitajie wewe jina, nimpelekee."

Mtu akibanwa hutafuta kosa, na Mwanajuma akalipata. "Ulikuwa unafurahia. Nimekuona. Unafutwa jasho, umefumba macho kabisa!"

"Jasho lilikuwa linaingia machoni!"

"Na kucheka? Nalo liliingia machoni?"

Sasa Idrisa aliteremka. Taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi ilimwongezea hasira.

"Sikiliza, Mwana. Umesimama juu ya kreti, umeshika kipaza sauti, ukanipa mke mbele ya watu wote. Wewe mwenyewe. Halafu umenuna wewe mwenyewe. Mimi nifanye nini? Na wakati unaninunia, yule Zablon wako anakuita bosi wangu, bosi wangu, mnakula sahani moja, mnacheka Kiingereza. Mimi nimewahi kusema kitu?"

"Zablon ni mwanafunzi mwenzangu!"

"Na mimi ni nani?"

Turubai likapiga pwaa kwa upepo.

"Nijibu basi. Leo mama yako angepita hapa, ungemwambia mimi ni nani?"

"Mtu wa turubai," ulimi wa Mwanajuma ulisema, maana ndiyo jibu alilozoea kumpa kila anayeuliza. Alitamani kuukamata ulimi aurudishe ndani.

Idrisa alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na meno. "Ahsante. Doto kanifuta jasho kwa kuwa aliambiwa mimi ni mumewe, hata kama wa uongo. Jasho langu lina miaka mitatu halijafutwa na mtu."

"Idrisa, nisubiri niwe na hii shahada mkononi. Nikiwa nayo, mama hatakuwa na..."

"Kesho Doto hatanitua mzigo."

"Usiniharibie! Dokta Suzana anafika asubuhi. Huu ndio mradi wangu wote!"

"Sikuharibii kitu. Nitatembea pale uliponipangia, nitasimama pale uliponipangia. Na ngata nimeshasokota ya kwangu." Alichukua ngazi yake, akaiweka begani. "Nitabeba tu. Kubeba nimezoea."

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya spika. Mama Yahaya alikuwa viti vya mbele kabisa, kavaa dera la Idi, na pembeni yake amemketisha mzee Mahona na goti lake, amelinyoosha kama kizuizi cha barabarani. Mwanajuma alijificha kwenye kibanda cha kitambaa cheusi nyuma ya wageni, redio ya mkononi mdomoni, na Dokta Suzana kwenye kiti cha pembeni yake anaandika.

"Sheria ya kazi yetu unaijua," mwalimu alisema bila kunyanyua kichwa.

"Mbunifu haonekani, mwalimu."

"Akionekana?"

"Kuna kitu kimeharibika."

"Vizuri. Anza."

Mwanajuma alibonyeza redio. "Zablon, baragumu."

Likalia. Msomaji wangu, lile baragumu lilipolia na vumbi likatimka upande wanakotokea wapagazi, hata mimi ningekuwepo ningetafuta mume wangu, na sina. Mpagazi wa kwanza akaingia, mkewe akamwona, kigelegele, mzigo chini, mshereheshaji akatangaza. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu aliteleza kidogo, watu wakashangilia zaidi. Dokta Suzana akaacha kuandika, akawa anatazama tu, na hiyo kwa mwalimu ni alama tosha.

Akaja wa nne.

Idrisa alikuwa anatembea vibaya. Miguu ilikuwa mizito, shingo imekaza, mishipa imetoka. Mwanajuma alikunja uso. Sponji gani inamfanya mtu atembee hivi? Kisha akaona ngata. Haikuwa nyekundu.

Ilikuwa ya kijani. Imepauka kwa kufuliwa, pindo lake linaning'inia juu ya sikio la Idrisa. Kanga ya stendi.

"Bosi," redio ilikoroma, "mbona ngata sio yetu?"

Doto alishatoka kwenye kundi, anakanyaga mayai yake, kanga ya kufutia jasho mkononi. Akafika. Akanyoosha mikono.

Idrisa hakuinama. Akasimama wima na mzigo wake, anatazama moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, kwenye kibanda cheusi.

"Bosi, wa nne kakwama. Wa tano anamgonga kisogoni. Nifanyeje?"

Ngoma zikapungua. Watu wakaanza kunong'ona. Mwanajuma alimwona Doto kanyanyua macho kwenye ngata, halafu akaikaribia, akashika lile pindo kati ya vidole viwili kama anavyoshika kitambaa cha mteja. Alisoma kitu pale. Fundi huwa hasahau mkono wake: pindo lile alilishona yeye, kwa uzi wa njano, maana wa kijani ulikuwa umemwishia, na mwenye kanga alinung'unika wiki nzima.

Uso wa Doto ulibadilika. Ulishuka, jamani, siwezi kudanganya, ulishuka kama turubai lililokatwa kamba. Mwanajuma aliyekuwa akimchukia tangu Alhamisi akaumia naye pale pale. Kisha Doto akavuta pumzi, akashika kiuno kwa mikono miwili, akawageukia watu.

"Jamani eeh!" alipaza sauti mpaka kipaza sauti hakikuhitajika. "Huyu sio wangu! Hii ngata sikusokota mimi! Mwenye huyu mwanamume yuko wapi? Atoke! Shingo ya mtoto wa watu inavunjika!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni sehemu ya igizo. "Atoke! Atoke!" wanawake wakaitikia, wanapiga makofi.

Mwanajuma alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kaa chini," Dokta Suzana alisema. "Itajitengeneza. Ukitoka, umeonekana."

"Najua, mwalimu."

Akatoka.

Alipita katikati ya wageni na kitambulisho chake shingoni na redio mkononi, inakoroma "bosi, bosi". Akapita mbele ya mama yake. Alisikia "we Mwana, unaenda wapi?" lakini hakugeuka, maana angegeuka angerudi. Akafika mbele ya Idrisa. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kope.

"Umechelewa," Idrisa alisema kwa sauti ndogo.

"Inama."

"Mzito, Mwana. Sio sponji."

"Nimekwambia inama."

Akainama. Mwanajuma akakumbatia gunia lile kwa mikono yote miwili, akavuta, na mzigo ukamjia wote. Uuwi! Magoti yalikunjika. Redio ikaruka huko. Alirudi nyuma hatua, mbili, mgongo umepinda, moja kwa moja kuelekea kwenye viti vya mbele.

Sasa Mama Yahaya, kabla hajawa mama wa msomi, amebeba maji, kuni, mpunga na watoto wa mgongoni. Mtu wa namna hiyo akimwona mwingine anazidiwa na mzigo, hafikirii. Mikono inaenda yenyewe. Aliruka goti la mzee Mahona kama msichana.

"Shika chini! Shika chini we mtoto, utavunjika kiuno! Nipe huku, mimi nipo, teremsha, teremsha... haya."

Mzigo ukatua. Mikono ya mama chini, mikono ya binti juu, Idrisa kashika upande.

Mshereheshaji, maskini, yeye alijua maneno aliyopewa tu.

"Mzigo umepokelewa!" alitangaza. "Mwanamume huyu ni wa nyumba hiyo, hakuna wa kuuliza!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, njiwa walihama mji.

"Ngojeni!" Mama Yahaya alinyanyuka, mikono hewani. "Mimi nimesaidia mzigo tu!"

"Umepokea, Mama Yahaya!" wanawake walimjibu. "Tumekuona! Kwa mikono miwili!"

Aligeuka kumtazama binti yake. Mwanajuma alikuwa amesimama pembeni ya Idrisa, karibu kuliko mtu anavyosimama na mtu wa turubai.

"Mwana. Jana nilikuuliza una nini."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema huna kitu."

"Nilikudanganya, mama. Ninacho. Ndiye huyu."

Mama Yahaya alimtazama Idrisa kuanzia miguuni. Idrisa naye, kwa woga au kwa akili, sijui, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba," Mama Yahaya alijibu.

Ulimi umezoea. Shikamoo ikija, marahaba inatoka, hata ukiwa usingizini. Alipojisikia ilikuwa tayari imeshatoka, na mzee Mahona ameshaanza kucheka na kukohoa kwa pamoja.

"Mmenitega," Mama Yahaya alisema. "Wote mmenitega." Akapiga gunia teke dogo, likagonga bati. "Humu kuna nini? Mawe?"

"Debe la asali, mama. Nilikuwa naleta nyumbani tamasha likiisha, nije nijitambulishe. Hata kama ungenifukuza."

"Asali ya wapi?"

"Ya Sikonge, ya nyuki wa msituni."

Mama Yahaya aliinama, akafungua kamba na kifuniko, akatia kidole, akaonja. Akatulia. Akaonja tena, ili kuhakikisha.

"Haijachanganywa sukari hii," alimwambia mzee Mahona, kama wako wawili tu. Kisha akajifuta. "Jioni uje na shangazi yako. Sijasema ndiyo. Nimesema uje. Na utaanzia kwa Doto, umwombe msamaha, mtoto wa watu nimemchezesha vidole bure."

"Hakuna shida, mama mkubwa," Doto alisema. Macho yalikuwa yanang'aa maji, ila kidevu kilikuwa juu. Alimsogelea Mwanajuma, akamnong'oneza, "Dada, ungeniambia mapema, nisingejifunza mwendo ule siku tatu nzima. Nyonga zinaniuma." Akamkumbatia, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Halafu akainua ngata nyekundu juu. "Na hii sasa nimpe nani?"

"Mpe mume wako," Mwanajuma alisema, akamwonyesha mzee Mahona.

Dokta Suzana alikuwa amefika, kalamu sikioni.

"Ile ilikuwa kwenye mpango?"

"Haikuwepo, mwalimu."

"Umeonekana."

"Nimeonekana."

"Nitaandika hivyo." Akatazama umati uliokuwa bado unashangilia, akapenga kamasi kwenye kitambaa. "Haya, mpagazi wa tano anasubiri. Tamasha halijaisha."

Mwanajuma aliokota redio yake. Lakini kwanza alichukua ile ngata kichwani kwa Idrisa, akaikunjua ikawa kanga tena, akaishika kwa ncha. Aliangalia kulia, aliangalia kushoto. Doto alikuwa anamvisha mzee Mahona ngata. Mwanajuma akaanza na paji la uso wa Idrisa.

"Hee! Mbele za watu!" Mama Yahaya alifoka, kidole kikiwa kimesharudi ndani ya debe.

"Pole pole, Mwana," Idrisa alisema, safari hii macho ameyafumba kweli. "La miaka mitatu hilo."